Jigi ya pini za mbao: uzoefu wangu wa miezi minne barazani

Mpaka sasa jigi hii, kifaa cha kuongoza drili itoboe matundu ya pini mahali pake, imenitolea meza moja ya kando ya kitanda, stuli mbili, na rafu moja ambayo mke wangu ameamuru ikae hukohuko stoo. Miezi minne si mingi, lakini nimeshatoboa nayo matundu ya kutosha kujua inafaa wapi na inakera wapi. Mimi si fundi. Nashinda ofisini wiki nzima, Jumamosi ndiyo nashika msumeno barazani.

Chenyewe ni kibonge cha aluminiamu kinachoenea kiganjani. Kina taya mbili zinazobana ubao ukizungusha skrubu yake ya katikati, na juu kuna nafasi za kufunga bushi, yaani vibomba vya chuma kigumu, za milimita 6, 8 na 10. Biti ya drili inapita ndani ya bushi, hivyo inashuka wima, haina pa kukwepea. Unatoboa ubao huu, unatoboa na mwenzake, unachomeka pini ya mbao yenye gundi katikati, na hakuna msumari unaoonekana. Sifa yake kubwa ni kujiweka katikati: taya zote mbili zinasogea kwa pamoja, kwa hiyo tundu linaangukia nusu ya unene wa ubao bila wewe kugusa futi. Nililipa shilingi 85,000 Kariakoo. Ndani ya boksi mlikuwa na biti tatu, pete za kufunga kwenye biti ili tundu lisizidi kina, alenki moja (ufunguo wa skrubu), na pini kama hamsini hivi. Maelekezo yalikuwa Kichina kitupu, ila picha zilitosha.

Kwa nini jigi na si patasi? Kwa sababu kiungo cha ulimi na tundu, ambacho mafundi wa Keko wanakichonga huku wanabishana Simba na Yanga, mimi kilinishinda. Nilijaribu Jumamosi tatu mfululizo. Tundu likawa pana, ulimi ukawa mwembamba, nikaziba kwa gundi na unga wa msumeno, nikapiga vanishi juu. Ukiikalia ile stuli inalia kama mlango wa ghala. Kuna mzee seremala hapa mtaani kwetu Tabata, nikampelekea aione. Aliigusa kwa kidole kimoja, ikacheza.

"Kijana wangu, hii ni ya kukalia au ya kubembelezea mtoto?"

Kwa jigi, kiungo cha kwanza kilikaa siku hiyohiyo. Nilichomeka pini mbili kavu, nikagonga taratibu kwa nyundo ya mpira, na ufa kati ya mguu na ubao wa pembeni ukajifunga mpaka ukucha hauingii. Nilimwita mke wangu aje aone mstari. Akasema ameuona.

Kasheshe ilianza kwenye uso wa meza. Nilikuwa na mbao tatu za msonobari, zile zinazoshushwa kutoka Mufindi, nikataka kuziunganisha ubavu kwa ubavu. Nikatoboa, nikapaka gundi, nikabana kwa klampu, nikalala na furaha yangu. Asubuhi napitisha kiganja juu ya meza, kinakwama. Ubao wa kati ulikuwa chini kidogo ya wenzake, unauhisi kama ukingo wa sarafu. Nikailaani jigi na aliyeniuzia. Baadaye, hasira ilipotulia, nikapima vipande vilivyobaki: mbao za pembeni zilikuwa na unene wa milimita 22, ile ya kati 20. Zote nilizinunua kwa jina moja, "inchi moja". Jigi ilifanya kazi yake vizuri kabisa, iliweka kila tundu katikati ya kila ubao. Katikati ya 22 ni 11, katikati ya 20 ni 10, basi milimita moja ikabaki inaning'inia juu na nyingine chini.

Hapo ndipo nilipoielewa. Huyu si mwalimu wa kunyoosha kazi yako, ni shahidi anayesema kweli. Ukimletea ubao uliopinda, ataweka tundu sahihi kwenye ubao uliopinda. Vivyo hivyo kwenye ncha: ukikata kwa msumeno wa mkono ikaenda upande, jigi inakaa juu ya ule mkato na kutoboa kwa kuufuata, na mguu wa meza utasimama kama mtu anayesikiliza umbea. Kwa hiyo nusu ya kazi yangu sasa inafanyika kabla jigi haijatoka kwenye boksi. Mbao zote za mradi mmoja nazipeleka kwenye mashine ya randa siku moja, zipite kwenye kipimo kimoja bila kukigusa tena. Kila ncha naikagua kwa skwea. Kama unajua mbao zako hazitalingana unene, tafuta jigi ya aina nyingine, ile yenye ukuta mmoja inayopimia kutoka uso wa ubao. Hiyo itakupa uso wa juu uliolingana, tofauti yote ijifiche chini.

Nayo jigi yangu ina dhambi zake. Nilichukua kipande cha ubao cha kutupa, nikatoboa tundu, nikaigeuza jigi nyuma mbele, nikatoboa palepale. Tundu lilitakiwa libaki lilelile, likatoka na umbo la yai. Maana yake ile "katikati" yake haiko katikati sawasawa. Na kosa la nusu milimita, ukitoboa ubao mmoja jigi ikitazama huku na wa pili ikitazama kule, linakuwa milimita nzima. Dawa yake ilikuwa chupa ya rangi ya kucha ya mke wangu: nimepaka upande mmoja wa jigi nyekundu, kila ubao nauandika alama ya penseli kwenye uso wa juu, na wekundu daima unaelekea penye alama. Kosa lipo, ila mbao zote zinalibeba kwa upande uleule, kwa hiyo zikikutana hulioni.

Pete ya kuzuia kina ndiyo kitu kibovu kuliko vyote kwenye boksi. Kiskrubu chake kinalegea kwa mtikisiko wa drili, pete inapanda polepole, na wewe unaendelea kukandamiza. Nimetoboa mguu mmoja wa stuli mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Sasa naiweka pete kwa mazoea tu, ninayemwamini ni utepe wa umeme niliouzungushia kwenye biti na kuuachia mkia kama bendera. Mkia ukianza kufagia unga wa mbao pembeni ya bushi, naacha. Kwa pini ya urefu wa milimita 40 nashuka 21 kila upande, ili gundi inayosukumwa ipate pa kukaa.

Hilo la gundi nililijua kwa gharama. Pini za boksi zilipoisha nilinunua ufito wa mviringo wa milimita 8, nikaukata vipande. Nikajaza gundi kwenye tundu, nikapigilia. Nyundo ya tatu ikasikika *tak*, na ubao ukapasuka kufuata nyuzi zake. Yule mzee aliushika, akacheka, akaniambia hewa na gundi nimezifungia ndani, zitatokea wapi? Pini za dukani zina mifereji ubavuni kwa sababu hiyo. Akachukua koleo, akaibana pini kwa meno ya koleo huku anaizungusha, na meno yakaacha mikwaruzo kuanzia juu mpaka chini. Ikaingia bila ugomvi, gundi ikachungulia kidogo ukingoni.

Biti zilizokuja nazo zinafaa msonobari tu. Kwenye kipande cha mninga zilitoa moshi, na ilibidi nitafute biti za mbao zile zenye kisindano katikati. Jambo lingine, mbao mbichi hazisaidiwi na jigi yoyote. Uso wa meza ya kwanza umeshaanza kujikunja baada ya mwezi mmoja chumbani, na muuzaji aliniapia kuwa zimekauka.

Na ile rafu? Taya za jigi hii zinabana ukingo au ncha ya ubao, basi. Ukitaka kutoboa katikati ya ubao mpana, pale ambapo ubao wa rafu unaingilia, hazifiki. Mimi nilikisia kwa macho. Vitabu vinateleza kuelekea kushoto.

Je, ununue? Kama unaunganisha fremu, miguu na nyuso za meza, ndiyo, na hela utaiona. Ila jumlisha kwenye bajeti skwea nzuri, klampu mbili za urefu, na nauli ya kwenda kwenye mashine ya randa, maana bila hivyo 85,000 zako zimelala. Kama kazi zako ni makabati na rafu, aina hii itakuangusha.

Mzee mwenyewe aliicheka mwanzoni, akaiita mdoli. Wiki mbili zilizopita akaja kuiazima, ana oda ya viti sita na kijana wake wa patasi amesafiri. Ameirudisha juzi, imefutwa safi, imepakwa mafuta. Bushi ya milimita 10 haimo. Nimemwamkia shikamoo mara mbili, sijapata ujasiri wa kuiulizia.