Sanduku la plastiki na silika jeli kwa stempu za zamani hapa Lamu: uzoefu wangu baada ya misimu miwili ya kusi

Seti niliyonunua ni sanduku angavu la lita 12 lenye mpira kwenye mfuniko na vibanio vinne, nusu kilo ya silika jeli, yaani punje za rangi ya chungwa zinazonyonya unyevu, na kipima unyevu kidogo cha betri. Ndani nimeweka bahasha zilizopita posta, stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika za enzi za Mfalme George wa Sita, na chache za kampuni ya Imperial British East Africa za mwaka 1890, zile za jua na taji. Sanduku ni zuri, jeli ni nzuri sana. Kipima unyevu kinadanganya, na ukikiamini hivyo hivyo utaharibu mali.

Kikague kwa chumvi. Jaza kizibo cha soda chumvi ya mezani, dondoshea maji kidogo hadi iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Kifungie pamoja na kipimo kwenye mfuko usiopitisha hewa, kivulini, kwa saa 12. Hewa iliyo juu ya chumvi iliyolowa hutulia kwenye asilimia 75. Changu kilisoma 68, basi kila nikisoma naongeza 7.

Unachotafuta ni asilimia 40 hadi 50. Chini ya 35 gundi ya zamani hupasuka na stempu hujikunja kama jani kavu. Ikivuka 65 gundi hulainika, ukungu huanza, na madoa ya kahawia yakishaingia kwenye karatasi hayatoki. Wakati wa masika hewa ya hapa inavuka kiwango hicho bila shida.

Wengi humwaga jeli yote siku ya kwanza wakidhani wanakausha hewa ya sandukuni. Hewa ya lita 12 haibebi hata nusu gramu ya maji. Maji yamo kwenye karatasi zenyewe: kilo moja ya albamu na bahasha iliyokaa kwenye unyevu wa kusi inaweza kutoa kama gramu 30. Jeli ikizidi, itaendelea kunyonya hadi gundi ipasuke. Anza na gramu 100 ndani ya mfuko wa kitambaa cha pamba, na mfuko huo usiguse karatasi. Ngoja siku tatu, soma kipimo, ongeza gramu 50 ikihitajika. Mzigo wangu wa kilo moja hivi ulitulia kwa gramu 200.

Punje za chungwa zikigeuka kijani kibichi, zimeshiba. Zitandaze kwenye sinia na uzikaushe katika oveni ya nyuzi 120 kwa saa mbili hadi tatu. Asiye na oveni atumie sufuria nzito kwenye moto mdogo sana, akikoroga bila kuacha. Zikianza kuwa nyeusi, moto umezidi na rangi haitarudi tena. Zipoe ndani ya chupa iliyofungwa, kwani zikipoa wazi zitanyonya hewa ya nyumba na kazi yote ni bure. Punje za buluu zinazogeuka waridi ziacheni: rangi yake ni ya kobalti, ni sumu.

Mpira wa mfuniko ulianza kulegea baada ya mwaka. Bana kipande cha karatasi chini ya mfuniko uliofungwa, kisha vuta, pande zote nne. Kikitoka kwa urahisi, upande huo unavuja.

Vifuko vya plastiki vilivyokuja na seti nilivitupa. Ni laini na vinanuka kama kitambaa kipya cha meza cha plastiki, dalili ya plastiki ya PVC, ambayo hutoa mafuta na asidi na kuharibu wino. Nunua vya poliesta au polipropilini. Na msiweke albamu kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, hata kama zinapendeza. Ukuta wa mawe na chokaa hupumua unyevu na chumvi; zidaka ziachieni sahani za kaure.

Bahasha yenye muhuri wa Lamu usomekao msiikate wala msiiloweke kutoa stempu. Posta ya Wajerumani ilikuwa hapa 1888 hadi 1891 tu, na bahasha nzima yenye muhuri wake ina thamani ambayo stempu iliyobanduliwa haitakuwa nayo. Stempu za Edward wa Saba zilizo kwenye karatasi yenye chaki zikiingia majini, picha huchubuka.

Stempu iliyokwisha kunata kwenye ukurasa wa albamu usiivute. Weka ukurasa juu ya wavu ndani ya sanduku jingine, sifongo lenye maji chini yake, lisiguse karatasi, mfuniko umefungwa. Chunguza kila saa moja. Gundi ikilainika, pitisha kibano bapa chini yake polepole, kisha ilaze uso chini juu ya karatasi nyeupe ya kufyonza, bila kitu juu ya gundi, hadi ikauke kabisa, ndipo irudi kwenye sanduku la jeli.