Hoteli ya mbaazi hapa Kongowea, Mombasa, bei iko juu kidogo na mimi naitetea

Nakula hapa mwezi wa tano sasa, hii hoteli ndogo ya kijani kabla hujaingia soko la Kongowea, naandika kwa sababu naskia watu wanalalamika bei. Ni kweli, mahamri mawili na mbaazi utalipa shilingi ishirini zaidi ya majirani. Lakini mbaazi zenyewe jamani, tui zito limeshikana, zimeiva mpaka unaziponda kwa ulimi.

Sasa hiyo ishirini, sikia inaenda wapi. Dada anayenihudumia alitoka hoteli nyingine, jina silitaji, huko alikuwa anapewa mia tatu kwa siku na usipokuja hulipwi, kwa hivyo kuna siku aliharisha usiku kucha na alfajiri akaja akasimama kupakua wali. Wali wa watu! Mimi mwenyewe nishawahi kulala siku tatu na tumbo kwa kula mahali kama hapo, na vyeti vya afya vya wafanyikazi vilikuwa vimebandikwa ukutani vizuri tu, lakini cheti cha miezi sita kitasaidia nini kama mtu akiumwa leo hana uwezo wa kubaki nyumbani?

Hapa wanalipwa kwa sheria. Agizo la mishahara la Novemba 2024 lilisema hata mfagiaji hapa Mombasa asipate chini ya 16,113 kwa mwezi, na ukishafanya miezi miwili ukiugua una siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu, iko kwenye sheria ya ajira ya 2007, ni vile wengi hawaambiwi. SHIF yao, ile bima ya afya ya serikali, inakatwa na inapelekwa kweli. Dada aliniambia mtoto wake alipopata malaria alimpeleka hospitali siku hiyo hiyo, zamani angemkanda na kitambaa cha maji akingoja pesa ya wikendi. Alikuwa anafuta meza akisema hivyo, akasimama kidogo, halafu akaendelea kufuta.

Kitu kingine, saa nne wafanyikazi wote wanakaa meza ya nyuma wanakula sahani ileile ninayouziwa mimi, si ukoko wa jana.

Mabaya yapo. Feni ya upande wa dirisha haizunguki, saa saba utangoja sana, na biriani ni Ijumaa peke yake. Mahamri yanaisha saa tatu, fika mapema na uombe ile pilipili ya embe.