Chablis: kabla ya kutoa pesa, tazama mdomo wa chupa

Dada yangu alipokuja Mombasa kutoka Nairobi, nilitoa shilingi 4,800 nikanunua chupa ya Chablis, mvinyo mweupe wa Ufaransa, tuinywe na kamba wa kuchoma. Kuifungua tu, puani ikanijia harufu ya tufaha lililochemshwa. Rangi ilikuwa ya asali, ilhali Chablis changa huwa na manjano hafifu yenye ukijani. Niliirudisha dukani. Muuzaji akaniambia, "Mama, mvinyo mweupe ndivyo ulivyo, uweke tu kwenye friji uwe baridi." Pesa zangu hakurudisha.

Mvinyo ule ulikuwa umeungua kwa joto, na friji haiponyi jambo hilo. Wasomaji huniuliza kuhusu mwaka wa mavuno na medali zilizobandikwa kwenye lebo. Mimi nawaomba wapitishe kidole juu ya mdomo wa chupa. Joto hutanua mvinyo, nao husukuma kizibo. Ukihisi kimetuna, rudisha chupa. Tazama pia chini ya ile karatasi inayofunika kizibo: alama ya kunata iliyokauka ina maana mvinyo ulivuja. Kisha ipange na wenzake wa rafu hiyohiyo. Ikiwa mvinyo wake umeshuka kuliko zao, iache.

Chablis haiwezi kuficha joto. Inatoka kaskazini mwa Burgundy, jimbo la mvinyo la Ufaransa, ukingoni mwa mto Serein, kwenye baridi kali kiasi kwamba wakulima huwasha mioto usiku mashambani kuokoa machipukizi. Aprili 2021 barafu iliwapiga vibaya. Zabibu ni Chardonnay peke yake, juu ya udongo wa chokaa uliojaa visukuku vya chaza wadogo. Nyingi hutengenezwa katika matangi ya chuma, bila ladha ya pipa la mbao. Unachonunua ni ndimu, tufaha bichi, chaki na uchachu unaokata mafuta mdomoni. Joto likiziharibu ladha hizo, umebaki na nini?

Namba moja kwangu ni Chablis ya kawaida ya La Chablisienne, ile iitwayo La Pierrelée. Nawapendelea, nalisema wazi. Ni ushirika wa wakulima ulioanzishwa 1923, na kila nikionja chupa yao iliyotunzwa vizuri naikuta ndimu na chaki mahali pake. Ipe chaza wabichi, changu wa kuchoma, au kamba wenye kitunguu saumu. Pilipili iwe kidogo, kwa sababu ikizidi inaua ladha yote.

Ya pili ni Premier Cru, daraja lililo juu ya Chablis ya kawaida, hasa ile ya mashamba ya Fourchaume. Ina unene zaidi, na hii ndiyo ninayoweka mezani kukiwa na samaki wa kupaka, maana tui zito linaifunika Chablis ya kawaida. Usiinywe baridi ya barafu. Nyuzi 10 hadi 12 zinatosha.

Grand Cru, daraja la juu kabisa, sinunui hapa. Ni mvinyo wa kuwekwa miaka mingi mahali penye ubaridi, na bei yake haivumilii kubahatisha.

Petit Chablis, daraja la chini kabisa, ni ya bei nafuu, nyepesi, nzuri na viazi karai. Inatosha.

Kinachoniuma ni hizi bei. Tunaelezwa habari za ushuru na meli, tunalipa. Halafu chupa hiyohiyo inasimamishwa wima kwenye dirisha linalopigwa na jua la saa nane, miezi na miezi, na ikishafifia inawekewa kibandiko cha punguzo. Huko ni kumuuzia mtu kitu kilichokufa.

Sasa kabla ya kuuliza bei naomba kuoneshwa stoo. Maduka mawili yalinikatalia. La tatu, kule Nyali, mwenyewe alinifungulia mlango: kiyoyozi kinafanya kazi, chupa zimelazwa, taa imezimwa. Bei yake imezidi kwa shilingi 600, nami nalipa.