Mito ya matairi: nani anunue, nani ajaze upepo tu

Gari la kilo 1,200 linaweka takriban kilo 300 juu ya kila tairi. Kwa upepo wa psi 33, eneo linalogusa sakafu ni kama sentimita 130 za mraba, yaani kiganja cha mtu mzima na vidole vyake. Gari likilala hapo miezi minne, sehemu ile ile ya mpira inabanwa bapa usiku na mchana, na nyuzi za nailoni zilizo chini ya uso wa tairi zinazoea umbo hilo. Siku ukiliwasha unasikia du-du-du kwenye usukani na sakafuni, na mdundo unakwenda na mwendo wa gari.

Dawa inayouzwa ni mito ya matairi: vipande vinne vya povu gumu lenye ganda, vimechongwa mbonyeo katikati ili tairi likae kama yai kwenye kijiko. Race Ramps wa Marekani huiuza kwa jina la FlatStoppers, na ipo mingi ya kuiga, mingine ya plastiki yenye uwazi ndani. Wazo lenyewe ni sahihi. Mbonyeo ukifuata mviringo wa tairi, mzigo unatawanyika na mpira haulazimishwi kunyooka. Shida ipo kwenye vipimo, na hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea.

Wengi huangalia upana peke yake. Ni kweli upana ni muhimu: mto wa inchi 10 ni milimita 254, unatosha tairi la upana wa milimita 225 lakini la 275 litaning'inia pembeni. Ila mkunjo wa mbonyeo ni muhimu zaidi. Tairi la 185/65R15 lina kipenyo cha milimita 621 hivi. La 265/65R17 linafika 776. Mto uliochongwa kwa la kwanza ukiwekewa la pili, tairi halifiki katikati. Linakalia kingo mbili, na badala ya ubapa mmoja unapata miwili. Afadhali mbonyeo uwe mpana kidogo kuliko tairi kuliko kuwa mwembamba. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji umechongwa kwa tairi la kipenyo gani. Akikujibu kwamba unaingia gari lolote, tafuta muuzaji mwingine.

Mito ya plastiki yenye uwazi ina kasoro nyingine: chini ya jua au bati la moto inalegea na kati inashuka hadi sakafuni. Weka rula kwenye kingo zake gari likiwa juu, kisha rudia baada ya wiki mbili. Ukiona kingo zimefunguka, mto umeshakuwa kibao tu. Kipande cha godoro nacho hakifai kitu, kinabanwa kikaisha.

Kuipandia si kazi kubwa, lakini ina namna yake. Osha matairi, yakauke, na usipake ile dawa ya kung'arisha. Jaza upepo asubuhi tairi likiwa baridi. Nyoosha usukani. Weka mito yote minne mbele ya magurudumu, umbali sawa kabisa. Ukipunja mmoja kwa sentimita tano, gurudumu hilo litasimama kwenye mteremko wa mto. Mtu asimame nje akuongoze, nawe upande polepole bila kukanyaga mafuta ghafla. Kwenye vigae au teraso mto huchomoka kama sabuni, kwa hiyo tandika chini yake kipande cha zulia kuukuu chenye mgongo wa mpira. Ukishatulia, weka P kwa gari la otomatiki, au gia ya kwanza kwa gari la manual, na uiache handbreki chini, isije ikagandisha breki za nyuma.

Je, stendi za jeki si rahisi zaidi? Ni rahisi, na zinamaliza ubapa kabisa kwa kuwa tairi haligusi chini. Lakini ukiziweka chini ya bodi, magurudumu yananing'inia, bushi zinajipinda, na fimbo ya shokapu inatoka nje yote. Kwa hewa ya chumvi ya Dar, Tanga au Mombasa, fimbo hiyo inaota kutu, halafu inachana sili na mafuta yanavuja. Weka stendi chini ya ekseli au mkono wa chini, springi zibaki na mzigo. Juu ya pevingi au udongo, tanguliza ubao mnene. Tofali la saruji usilikaribishe kabisa. Linapasuka bila taarifa.

Kwa Vitz, Probox na wenzake wenye matairi ya ubavu mrefu wa 65 hadi 80 (namba ya pili ya saizi, asilimia ya upana wa tairi), yanayolala miezi miwili tu, mito ni kupoteza pesa bure. Jaza upepo hadi psi 44 ikiwa ubavuni mwa tairi kumeandikwa kwamba linabeba kiasi hicho au zaidi, usivuke kilichoandikwa, kisha mtu asukume gari robo mzunguko wa gurudumu kila wiki mbili. Piga alama ya chaki ubavuni, la sivyo atakurudishia pale pale. Tairi hupoteza psi moja hadi mbili kwa mwezi, hivyo geji ipite kila mwezi.

Mito inastahili bei yake kwa rimu za inchi 18 na zaidi zenye matairi ya ubavu mfupi, hasa yenye herufi W au Y, alama za matairi ya mwendo mkubwa, kama gari litalala nusu mwaka na hakuna wa kulisogeza. Hata hapo, soma kwanza tarakimu nne za mwisho za DOT, namba ya utengenezaji iliyo ubavuni mwa tairi: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi la umri huo linakaribia kupasuka nyufa lenyewe, na hakuna mto unaotibu uzee.

Siku ya kuondoka, rudisha upepo hadi kiwango cha kibandiko cha mlangoni, kisha endesha kilomita 20 hadi 30 bila kuvuka 80 kwa saa. Ubapa mwepesi utayeyuka tairi likipata joto. Mdundo ukibaki baada ya hapo, balansi haitausaidia. Nyanyua gurudumu, shika ncha ya bisibisi karibu na uso wa tairi, lizungushe, na pengo litakuonyesha lipi la kubadilisha.