Marine Protector: siri ya meli hii ya doria iko tezini

Karibuni tena. Leo tunaichambua Marine Protector, aina ya meli ya doria ya karibu na pwani ya Walinzi wa Pwani wa Marekani. Ukiitazama ubavuni utasema ya kawaida tu: urefu mita 26.5, upana karibu mita 6, uzito tani 91. Sehemu yake inayokaa ndani ya maji haifiki mita 2, kwa hiyo inapenya kwenye mito na vibandari ambako meli kubwa hukaa nje zikisubiri. Sasa naigeuza picha. Tazameni tezi, yaani sehemu ya nyuma ya meli.

Hapo nyuma pana mlango, na ndani yake mteremko unaoshuka hadi majini. Boti ndogo ya kukamatia watu imelala juu yake. Kuishusha, nahodha hasimamishi meli. Watu wanapanda na kukaa, injini ya boti inawashwa, mlango unafunguliwa, kisha baharia mmoja tu anaifungua na boti inateleza yenyewe. Kwa kreni ungehitaji watu wa kushika kamba mbele na nyuma, na meli ikiyumba boti inaning'inia ikigonga ubavu. Meli hii ina mabaharia kumi hivi. Hesabu mwenyewe nani angebaki kwenye usukani na kwenye bunduki!

Kurudi ndiko kwenye kazi. Wimbi likija omo, yaani kwa mbele, tezi inapanda na kushuka, na dereva akikosea anagonga ukingo wa mteremko, au tezi inashukia juu ya pua ya boti. Halafu kuna povu. Boti hii haina propela, maana ingekwanguka kwenye mteremko. Ina pampu inayovuta maji na kuyatupa nyuma. Sasa, maji yanayotoka kwenye propela za meli yamejaa hewa. Pampu ikimeza hewa, msukumo unapotea palepale unapouhitaji. Kwa hiyo dereva anahesabu mawimbi, anaingia tezi ikiwa chini, na akishaamua kuingia hasiti. Nahodha naye habadilishi kitu: usukani umenyooka, mwendo uleule.

Msidhani mteremko kama huu unabandikwa popote. Marekani walijaribu kwa meli zao za Island, zenye futi 110. Nane zilirefushwa hadi futi 123 ili zipate mteremko tezini. Mwaka 2004 ya kwanza, Matagorda, bodi yake ilikunjika, na mwishoni mwa 2006 zote nane zikaondolewa kazini. Meli ikirefuka, mawimbi yanaipinda zaidi katikati, na mabati yale yalikuwa membamba na yameshachoka. Marine Protector ilizaliwa na mteremko wake. Ramani ni ya kampuni ya Damen ya Uholanzi, ujenzi ni wa kampuni ya Bollinger, Louisiana. Meli ya kwanza, Barracuda, ilitangulia mwaka 1998, zikafika 74, na 4 kati yake zililipiwa na Jeshi la Majini kusindikiza nyambizi. Malta nao walijengewa 2.

Injini ni mbili za dizeli za kampuni ya MTU, mwendo maili za baharini 25 kwa saa. Mafuta yanatosha maili 900 hivi, lakini kwa mwendo wa pole. Bahari ikichafuka inarusha watu sana. Mpishi wake anastahili nishani. Silaha, bunduki mbili za rashasha za milimita 12.7. Kwa wavuvi haramu na magendo zinatosha.

Uruguay wamechukua 3 zilizokwishatumika. Ukiwa unakagua iliyotumika, usianze na injini. Anza pale chuma cha bodi kinapokutana na alumini ya vyumba vya juu: rangi ikivimba na unga mweupe ukionekana, alumini inaliwa, kwa sababu metali mbili zikiguswa na maji ya chumvi ile dhaifu ndiyo inayoliwa. Kisha nenda tezini, ufungue na kufunga mlango mara kadhaa, uangalie bawaba na mpira wa ukingoni. Mwisho lala kifudifudi, umulike tochi chini ya mteremko. Ukikuta mikwaruzo mirefu na mabati yaliyobonyea, ujue madereva wake walikuwa wanaingia tezi ikiwa juu.