Grauti iliyokaukia kwenye marumaru: dawa ipi ununue Mwanza na ipi uiache dukani

Malalamiko ninayoletewa yanafanana. Mtu amemaliza nyumba yake Buswelu au Nyegezi, sebuleni kaweka marumaru halisi ya jiwe, fundi kajaza grauti, yaani saruji laini ya kuziba nafasi kati ya vipande, na kuondoka kabla hajafuta vizuri. Utando mweupe umekauka juu ya jiwe. Mwenye nyumba anakwenda duka la vifaa vya ujenzi, anauziwa "dawa ya kutoa saruji", anamwaga, inachemka povu, anasuuza. Sakafu ikikauka, ukungu umezidi wa jana. Basi anarudi kununua chupa ya pili.

Hiyo chupa ya pili ndiyo inayoniuma. Ukungu mpya si grauti tena, ni jiwe lenyewe limeliwa. Asidi huyeyusha saruji kwa sababu ya chokaa iliyomo, na marumaru, travertino na mawe ya chokaa nayo yameumbwa kwa chokaa. Asidi haijui kuchagua. Inakula grauti, na palipo wazi inakula mng'ao wa jiwe. Kwa macho, madhara hayo na utando wa grauti vinafanana mno, ndiyo maana watu wanaendelea kumwaga.

Kabla hujatoa hata shilingi, pitisha ukucha. Grauti ina kimo: ukucha utakwama kidogo ukingoni, na ukikwangua unga utatoka. Jiwe lililoliwa na asidi halina ukingo. Mahali ni butu, na ukimulika tochi kwa ubavu utaona umbo la mmiminiko, michirizi na matone yalivyotua. Hapo hakuna sabuni wala dawa ya kusafisha itakayosaidia, kwa sababu hakuna cha kutoa.

Mafundi wetu sina sababu ya kuwasema vibaya. Mwanza tumezungukwa na graniti, kuanzia Bismarck Rock hadi majabali yaliyobeba nyumba za Mabatini. Graniti huvumilia asidi nyingi za dukani. Fundi aliyeanza kazi kwa kusafisha ngazi za graniti kwa tindikali, na zikatoka safi, atadhani kila jiwe liko hivyo. Travertino iliyotoka Uturuki haiko hivyo hata kidogo.

Kwa hiyo jua jiwe lako kwanza. Chukua kipande kilichobaki, dondoshea ndimu, acha dakika tano, futa, kausha. Usitafute povu tu, maana marumaru nyingine hazichemki waziwazi; tazama kama pamebaki alama butu. Ikibaki, kila chupa yenye asidi imeshatoka kwenye orodha yako.

Sasa manunuzi. Nafasi ya kwanza naipa sponji nyeupe ya Scotch-Brite pamoja na skrepa ya plastiki na maji ya uvuguvugu. Nasema nyeupe, si ile ya kijani ya kuoshea masufuria. Ya kijani ina chembe za oksidi ya alumini, ambazo kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs ziko 9, wakati madini ya marumaru yako 3. Itaacha mikwaruzo utakayoiona kila jua la jioni likiingia mlangoni. Stiliwaya ni mbaya zaidi, vijiuzi vyake hubaki kwenye vinyweleo vya jiwe na kuota kutu. Lowesha eneo dogo, acha dakika kumi, sugua kwa mduara, kisha zoa yale maji ya maziwa kwa tambara kabla hayajakauka, la sivyo umetandaza grauti upya. Badilisha maji mara kwa mara. Kazi hii ni rahisi siku za mwanzo. Saruji huendelea kukaza kwa wiki kadhaa, na ikishapita siku 28 jiandae kuchoka mikono.

Ya pili ni Lithofin, na sifichi kwamba naipenda kampuni hii ya Ujerumani. Napenda lebo zake. Dawa za mawe ya asili zinaandikwa MN, za vigae vya kiwandani KF. Kwa marumaru nunua MN Power-Clean, ambayo haina asidi. Haitayeyusha saruji yenyewe, lakini inalegeza ile gundi ya plastiki inayochanganywa kwenye grauti za siku hizi, na utando mwembamba unaachia. Angalia sana: ndani ya MN hiyohiyo kuna Builders' Clean, yenye asidi, kwa ajili ya mawe yanayoistahimili. Soma chupa yote, usiishie kwenye herufi mbili. Bei yake inapita ya mfuko wa saruji, na bado ni nafuu kuliko kung'oa sakafu.

Kwa mabonge manene, au jiwe ambalo limeshaliwa, lipa fundi wa kung'arisha mwenye pedi za almasi na mashine ya maji. Atapunguza jiwe kidogo kidogo hadi mng'ao urudi. Ni gharama, lakini ndiyo dawa ya kweli ya ule ukungu usio na ukingo.

Asidi ya salfamiki, inayouzwa ikiwa chembechembe kama za chumvi, ni ya graniti pekee. Jaribu pembeni kwanza, kwani graniti yenye chuma inaweza kugeuka njano. Lowesha sakafu kabla ili mistari ya grauti kati ya vipande isiinyonye asidi, kisha suuza kwa maji yenye magadi.

Ndimu, siki, dawa ya choo, tindikali ya kupima: hapana.

Na hapa niseme la moyoni kuhusu wauzaji. Tindikali inapimwa kwenye chupa za maji ya kunywa, haina lebo wala onyo, inapangwa sakafuni pale mtoto anapofika. Ukiuliza ndani kuna nini, jibu ni "dawa kali, dada, inatoa kila kitu". Nchi hii ina sheria ya kemikali za viwandani na majumbani tangu 2003, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza. Mnunuzi ana haki ya kujua anachobeba. Mtu akienda nayo nyumbani, akaichanganya na Jik ili sakafu ing'ae zaidi, hutoka gesi ya klorini, na bafu dogo lisilo na dirisha halimpi nafasi ya kukimbia. Mimi chupa isiyo na jina la kemikali siinunui, hata wakinipunguzia nusu bei, na duka linalouza hivyo silirudii hata kwa misumari.

Jambo moja kwa waliojaza grauti ya epoksi: hiyo si saruji bali gundi ngumu ya plastiki, na hata asidi haiitoi. Inahitaji kiyeyushi chake, kwa hiyo tunza mfuko au ndoo iliyokuja nayo, nenda nayo dukani, utafute dawa iliyoandikwa epoksi na jina la jiwe lako kwenye lebo moja.