Tumelala ndani ya mnara wa kale, maji yakafungwa na simu

Jina sitaji maana pesa zangu bado ziko kwao. Ni mnara wa zamani huko pwani, ulikuwa gofu, popo tupu, sasa wametengeneza wageni walale, kila kitu sola, hakuna jenereta, hakuna AC, na "rafiki wa mazingira" imeandikwa hadi kwa sabuni. Tulibuki kwa ofisi yao hapa Nairobi, mimi, mzee wangu na watoto wawili, tukapanda SGR na furaha zetu.

Sasa mjue mimi naishi Embakasi. Maji yakikuja kwetu tunaitana. Nililipia siku tatu za kutoshika jerikeni, hiyo tu ndiyo nilikuwa nataka. Usiku wa kwanza niko na povu kichwani, shawa ikakauka. Kumbe tanki iko juu kabisa, pampu inawashwa na programu ya simu, simu iko na meneja, meneja yuko Mombasa, na intaneti imepotea. Yaani jua limewaka kutwa, betri zimejaa, kisima kina maji, na sisi hatuogi kwa sababu ya netiwaki! Mzee wangu akapandisha jerikeni ngazi 41 za mawe, za kuzunguka, nyembamba, nilizihesabu nikimmulikia na tochi.

Kilichoniuma zaidi ni birika. Pale chini kuna birika la zamani la kukinga maji ya mvua. Waliolijenga hawakuwa wajinga bana, hata Fort Jesus, ile Wareno walianza kujenga 1593, ina birika la mvua, na Lamu watu walikuwa wanaweka samaki wadogo kwa birika la bafuni wale viluwiluwi vya mbu. Uingereza nako, ile minara ya Martello ya wakati wa Napoleon, maji ya mvua yalishuka kutoka paani hadi kwa tangi la chini, wanajeshi wakanywa. Hawa wetu la kwao wamelijaza mchanga, wakatupa mito na mishumaa. Eti launji.

Tuliporudi Nairobi, nikaenda ofisini mwenyewe. Kijana hata hakuinuka. "Madam, hiyo ni sehemu ya eksipiriensi, watu wa zamani walikuwa wanabeba maji." Nikamwuliza, na watu wa zamani walikuwa wanalipa deposti kwa M-Pesa? Akageukia kompyuta yake. Pole hakuna, hata ile ya uongo. Nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri inakataa.

Lakini mzee wangu anasoma hapa begani anasema nisiwadanganye watu. Sawa. Usingizi wa pale sijawahi kuupata popote. Nje joto la kukaanga, ndani kuta nene za mawe ya matumbawe, baridi hadi unatafuta leso ya kujifunika. Kuna mzee anachunga pale, fundi, akatuonyesha ukuta. Mwenye nyumba wa zamani alipiga plasta ya simiti, unyevu na chumvi vikanaswa ndani, plasta ikabanduka na jiwe likaanza kumomonyoka. Wakaitoa yote wakarudisha chokaa, dari wakaweka boriti za mikoko. "Mwanangu, jiwe hili lapumua, ukiliziba lafa." Nikaweka mkono, sijui kama ni mawazo yangu lakini nikaona kama anasema kweli.

Na ni huyo huyo usiku ule aliamka akatafuta kamba na ndoo, akatuchotea kisimani mpaka jerikeni zikajaa. Hakuuliza paswedi ya mtu.

Basi nimefuta ile moja nimeweka tatu. Nikimkumbuka yule kijana natoa moja. Zinazobaki ni za yule mzee fundi, ofisi isijihesabie. Watoto wameanza kuuliza Disemba tunarudi saa ngapi, na baba yao, badala ya kunisaidia, ameuliza kama jerikeni ya lita kumi inaruhusiwa kwa SGR.